Mshenga wa Barabara ya Kumi na Mbili

Juu ya tanuri la mikate, Ngamiani,
sakafu ina joto tangu saa tisa usiku
na kompyuta yangu, mtumba wa kioo kilichopasuka pembeni,
inahema kama mgonjwa.

Mhina aliniuliza Jumatatu, mguu mmoja kwenye pedeli:
"Maduka arobaini na matatu, makapu mawili, baiskeli moja.
Nipite wapi nisizunguke bure?"
Nikamjibu upesi, kama mtu asiyejua:
"Kesho."

Leo Ijumaa.

Maktaba ipo. Waliiandika watu wa mbali
kwa lugha ya chuma, ile isiyosamehe,
inayotaka kujua kabla ya hodi
wewe ni namba nzima au ya desimali,
na utahitaji kitanda cha upana gani.
Ndani yake njia fupi hupatikana
hujamaliza kupiga chafya.

Mimi nasema Chatu,
lugha laini, ya kujikunja,
jina lolote libebe chochote,
tutajuana mbele ya safari.

Nyumba mbili hizo hazisalimiani.
Ndipo anapotakiwa mshenga:
kiunganishi, kipande cha msimbo cha katikati,
avae kanzu upande huu, ovaroli upande ule,
apeleke orodha yangu ya mitaa ikiwa imehesabiwa,
arudi na jibu bila kulimwaga njiani.

Mshenga haji tayari. Hujengwa.

Nikaandika amri. Mistari ikateremka,
asilimia kumi, thelathini,
sitini na tatu, umeme ukakatika.
Chini Bi Mwanamkasi aliulaani kwa Kidigo,
mimi kwa Kiswahili, tukaishia giza lile lile.

Mara ya pili niliita mafundi wanne kwa pamoja;
kumbukumbu ikajaa, mashine ikaganda
kama andazi la juzi.
Mara ya tatu, fundi mmoja, taratibu.
Methali naijua. Usinisomee.

Alfajiri: mia kwa mia.
Nikasakinisha, nikamwita kwa jina.
Ikanijibu: moduli hiyo haipo.

Haipo! Na faili naliona,
limekaa pale, limeshiba herufi zisizosomeka.

Nikaoga. Nikala mkate wa moto kwa chai ya rangi.
Ndipo nikakumbuka barua ya shangazi
iliyolala miezi miwili Barabara ya Pili
kwa sababu mwandishi alisahau "Kumi na".

Kwenye mashine yangu wamelala chatu wawili:
mmoja mzee, alikuja nayo;
mmoja kijana, nilimleta mwenyewe mwezi wa Ramadhani.
Mshenga alishonwa kwa kipimo cha mzee,
akabisha kwa mzee, akaketishwa, akapewa kahawa,
akimposa binti aliyekwishahama.

Hakukosa adabu. Alikosa mlango.

Nikafuta folda yote ya ujenzi,
nikamtaja kijana kwa anwani kamili, kuanzia mzizini,
nikajenga upya.
Saa nne kasoro robo nilimwita tena.
Kimya.
Katika kazi hii kimya ndicho kuitika.

Nikampa Ngamiani nzima: kila makutano kifundo,
kila kipande cha barabara uzi,
na uzito wa uzi ni dakika za Mhina, si mita,
maana mita hazijui mchanga wa Kumi na Nne
wala mtaro uliofukuliwa ukasahauliwa.

Alisoma orodha midomo ikicheza,
unga umemkaa kwenye nyusi.
"Mbona Barabara ya Saba haimo?"
"Kule huna duka. Ulikuwa unaikatiza kwa mazoea."
Akaitazama kompyuta kwa heshima, mara ya kwanza.
"Basi hiki chombo kina akili.
Barabara ya Saba kuna mtu ananidai."

Kengele mara mbili, akapotea na makapu yake.
Nami nikainakili amri ile, herufi kwa herufi,
nyuma ya mfuko mtupu wa unga,
kwa ajili ya yule mimi wa mwakani
atakayeapa kwamba haikuwa kazi.